Taa Iliyotiwa Buluu

Jumatatu, 5 Agosti

Shuka la kitanda changu si karatasi ya ukutani, na mtu mwenye akili timamu hapigilii misumari kwenye kona zilizotariziwa kwa mkono. Nimemwambia mjukuu wangu hivyo mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa juu ya stuli na misumari mdomoni, akaniitikia kama anayekohoa. Misumari minne! Makochi yametupwa barazani kama tunahama. Meza imesimamishwa wima. Nimerudi sokoni nikadhani tumeingiliwa na mwizi asiyejua aanze wapi.

Anasema lile si shuka tena, ni bakgraundi ya picha. Sawa. Leo usiku nitalala juu ya godoro tupu, shuka langu likiwa limepandishwa cheo.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikageuziwa maneno baadaye. Binti yangu ameshona magauni sita. Mwenye duka la nguo la mjini anatafuta mshonaji mmoja wa kumshonea mwaka mzima, na wanaogombea wamebaki wawili. Mama yule hataki kuona gauni kwenye henga. Anataka picha, gauni likiwa limevaliwa, kama za kwenye majarida. Picha zimfikie Alhamisi ijayo, tarehe 15.

Mjukuu akasema, nitapiga mimi. Miezi saba sasa anajifundisha picha za mitindo kwenye simu, kwa video za watu asiowajua, na taa mbili alizonunua kwa mtu aliyefunga studio. Mama yake aliguna. Wakakubaliana mbele yangu, shahidi mimi: picha zikipokelewa, mtoto aachwe na kamera yake. Zikikataliwa, Jumatatu inayofuata anaingia dukani kwa mjomba wake kuuza saruji na bawaba, na habari ya kamera iishe.

Mtoto akajibu sawa. Haraka mno. Mdomo umesema sawa, huku mikono inakunja waya uliokwisha kunjwa.

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimepata kazi katika uzee wangu. Cheo: stendi.

Nimeshikishwa boksi lililofunguliwa likabandikwa karatasi ya fedha, ile ya kufunikia chakula. Eti linarudisha mwanga. Bibi, inua. Bibi, kulia kidogo. Bibi, si kulia kwako, kulia kwangu. Nikamuuliza tangu lini kulia kuna mwenyewe. Akacheka kamera ikatikisika.

Mvaaji wa magauni ni jirani, yule msusi wa saluni ya pembeni. Tunamwita Twiga na mwenyewe ameshazoea. Urefu anao, shingo anayo, na uso wa kununa kazaliwa nao. Mjukuu anasema uso ule ndio wenyewe, kwenye mitindo hawacheki. Zamani msichana akikaa na uso ule aliulizwa kama tumbo linamsokota.

Lakini nimejifunza kitu, nakiri. Taa ya kwanza ina boksi kubwa la nguo nyeusi, mbele yake kitambaa cheupe. Analiita softiboksi. Mwanga ukipita kwenye kile kitambaa unalainika, kivuli hakikati uso kama wembe. Taa ya pili haina kitambaa, inaelekezwa ukutani upande wa pili, mwanga wake urudi kupunguza giza. Nikasema, basi ile ya kwanza ni dirisha lenye pazia. Mjukuu akanigeukia akasema ndiyo Bibi, ndiyo hasa! Nilirefuka kidogo. Halafu akaniambia nisitikisike.

Tumegombana jambo moja. Taa ile kubwa anaiweka mbele kabisa, usoni kwa mtu. Gauni linakuwa kama limechorwa kwenye karatasi. Nikamwambia kitambaa hakitazamwi kwa mbele. Unakipeleka dirishani, unakilaza, mwanga ukipite ubavuni, hapo ndipo unaona kama ni kizito au umeuziwa hewa. Akasema mtaalamu wa kwenye video anaiweka mbele. Mtaalamu huyo hajawahi kuuziwa kitambaa kibovu.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya kufua.

Mjukuu alikwenda kuazima waya, mama yake yuko chumbani anazungusha cherehani. Nikabaki na zile taa tukitazamana. Kile kitambaa cha mbele ya boksi, lahaula! Njano kama meno ya mvuta tumbaku. Huyo aliyefunga studio lazima alikuwa akifutia mikono. Na mtoto anapiga picha za mitindo kwa uchafu ule. Nikakibandua, kimeshikwa na zile nata za kuchanika kra-kra, nikakitia kwenye beseni.

Sabuni mara mbili. Suuza. Halafu buluu ya kufulia. Nguo nyeupe isiyotiwa buluu ni nguo iliyokata tamaa, mama yangu alinifundisha hivyo na mashuka yangu mtaa mzima unayajua. Kwa njano ile nikatia vidonge viwili badala ya kimoja. Kikakauka kwa nusu saa. Cheupe mpaka kinatisha. Nikakirudisha kabla hajaja.

Hakuna aliyetambua. Hata kusema, Bibi, mbona hapa pamependeza. Shukrani ya punda. Nami sitasema, tuone macho yao yanafanya kazi gani.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumepiga magauni yote sita, tangu asubuhi mpaka alasiri. Mabega yangu! Boksi la karatasi ni jepesi dakika tano za kwanza.

Niseme bila upendeleo: mtoto anajua kuamrisha. Twiga aligeuzwa kama samaki kikaangoni. Weka mkono. Toa mkono. Fikiria jambo la mbali. Twiga akauliza mbali wapi. Gauni la rangi ya maziwa lilikuwa pana kiunoni, mjukuu akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, mbele likakaa kama ngozi. Nikamwambia huo ni ulaghai. Akasema, Bibi, hiyo ni fasheni.

Kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo kama biskuti na chumba kinameremeta taa, mimi sikuona kitu. Yeye alisema ziko baridi-baridi kidogo lakini ni kioo tu. Kesho atazitazama kwenye kompyuta ya rafiki yake.

Binti yangu alipita mlangoni mara tatu akijifanya anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa shingoni kwake.

Jumamosi, 10 Agosti

Ameletewa kompyuta hapa nyumbani, sote tukaizunguka.

Twiga ana sura ya mtu aliyeopolewa kisimani. Upande mmoja wa uso wa buluu, upande wa pili kama kawaida. Gauni la maziwa limekuwa la wagonjwa. Mjukuu akavuta vile vidude kwenye kompyuta, akiponya upande huu, ule mwingine unageuka rangi ya chungwa. Kila picha. Zote sita.

Alikuwa anasema peke yake: nilipima weupe wa taa mwanzo wa wiki, nikaufunga kwenye kamera, sikugusa tena, nimekosea wapi. Mama yake hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Alisema tu, kwa sauti ya kukata uzi, kwamba kazi ya watu hujifunzwa kwa watu, si kwenye simu, na kwamba atampigia kaka yake.

Rangi ile naijua. Nimeikoroga kwenye beseni miaka hamsini.

Sikusema.

Jumapili, 11 Agosti

Ningesema. Kwanza nilitaka kurekebisha, halafu niseme na kitu kikiwa mkononi. Ndivyo watu wazima wanavyofanya.

Wote wawili walipotoka nikakibandua tena, nikakiloweka kwenye siki. Siki huua buluu, hilo nalijua. Nikakisugua, ikatoka, ikabaki nafuu. Kimejikunja kama uso wa Twiga. Nikasema nikipige pasi.

Kumbe kilikuwa nailoni.

Sasa kitambaa kina tundu lenye umbo la pasi, ncha na yote. Moshi uliingia mpaka jikoni. Nilifungua madirisha nikapepea kwa kanga kama ninayefukuza pepo. Kilichobaki kilinata kwenye pasi, nimekikwangua kwa kisu, na pasi yenyewe sasa ina donda.

Binti yangu aliporudi akanusa, akauliza nini kimeungua. Nikamwambia aulize majirani. Majirani! Umri huu, nawasingizia majirani.

Mjukuu hakula. Nimemsikia kwenye simu na mjomba wake akisema ndiyo mjomba, ndiyo mjomba, Jumatatu ya tarehe 19, ndiyo. Mtoto huyu hajawahi kuitikia ndiyo tatu mfululizo tangu azaliwe.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemwambia. Si binti. Mjukuu.

Nilimwita barazani, kwenye makochi yangu yanayopigwa jua. Nikamwonyesha kitambaa. Nikamwambia kosa lake ni kuacha kitu kichafu mbele ya mtu mwenye sabuni. Hakuelewa. Nikamwambia buluu. Vidonge viwili. Akatazama kitambaa, akatazama tundu, akapitisha mkono kwenye tundu ukatokea upande wa pili, akanipungia.

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, kwa hiyo sikukosea, Bibi? Nilipima sawasawa? Nikasema ulipima sawasawa, mimi ndiye niliyebadilisha rangi ya dunia. Akacheka tena, na katikati ya kicheko pua ikaanza kuvuta kamasi. Nikajifanya natazama mbuzi wa jirani.

Alasiri nimeiba bitana nyeupe chumbani kwa binti yangu, mita mbili. Naiba ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nikashona kitambaa kipya kwa mkono, cherehani ingesikika, tabaka mbili, na nata za zamani nikazihamishia. Mjukuu akapiga picha ya karatasi nyeupe. Nyeupe ikatoka nyeupe. Akasema bitana inalainisha mwanga kuliko hata ile ya dukani. Nikamwambia aandike kwenye hizo video zake.

Na kwa sababu nilikuwa na deni la adabu kwake, safari hii nikadai haki yangu: taa iende ubavuni. Akaisogeza akinung'unika. Tukatundika gauni la mahameli nyeusi, lile ambalo Ijumaa lilitoka kama gunia la mkaa. Mwanga ukaja kutoka upande. Mahameli ina malaika, vile vinyweleo laini, kama mkono wa mtoto mchanga, ukiielekeza vibaya inameza mwanga, ukiielekeza vizuri inaurudisha. Nikaipapasa kwa kiganja, juu kwenda chini. Kila kunjo likasimama. Mjukuu akachungulia kwenye kamera. Akasema, Bibi, we ulikuwa wapi siku zote. Nikamwambia nilikuwa nashika boksi la karatasi ya kufunikia chakula, uliniweka wewe.

Akanipa kamera nibonyeze mwenyewe. Nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Picha ya kwanza nimepiga kidole changu. Ya pili, kidole tena. Ya tatu, gauni! Imeegemea kidogo, lakini gauni.

Jumanne, 13 Agosti

Mambo yameharibika kwa namna nyingine.

Binti yangu ametangaza asubuhi kwamba kesho saa nane anayapeleka magauni kwa mpiga picha wa harusi, yule mwenye studio ya maua ya plastiki. Ameshapanga. Magauni yasiguswe. Mjukuu akataka kusema, akanitazama mimi, akachukua waya akaukunja.

Baadaye jikoni akaninong'oneza: Bibi, acha tu. Mama akijua ni wewe mtanuniana mwaka mzima, na mimi ndiye nitakayekaa katikati nikipeleka salamu. Nitasema nilikosea mashine. Atanisamehe, mimi mtoto. Dukani kwa mjomba si jela.

Mimi! Mtoto wa miaka kumi na tisa ananibebea kosa kama anavyonibebea ndoo ya maji, ananionea huruma ya mgongo. Nilimwita mke mwenzangu kwa utani tangu akiwa anatambaa. Sikujua iko siku atakuwa mkubwa kuliko mimi ndani ya jiko langu.

Nieleze ugumu uko wapi, maana hapa hakuna wa kunicheka. Binti yangu alipokuwa mdogo, akivunja kikombe, nilimsimamisha pale mlangoni mpaka aseme kwa mdomo wake: ni mimi. Si kimeanguka. Si paka. Ni mimi. Mara nyingine alisimama mpaka miguu ikavimba. Ameolewa, ameachika, amerudi na cherehani yake, na siku aliyorudi, kabla hajaketi, alisimama pale pale mlangoni akasema, Mama, nimekosea kuchagua, ni mimi. Nami nikamjibu, nilikuambia.

Sasa aje anikute mimi na siki na majirani.

Nimekwenda chumbani kwake mara mbili leo. Mara ya kwanza nimeuliza kama ameona miwani yangu. Mara ya pili nimeuliza anaendeleaje na zipu. Akasema zipu ya mahameli imekwisha kushonwa. Akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika barazani, haraka, jua limefika kwenye magoti.

Saa mbili asubuhi binti yangu alitoka kwenda kwa wauzaji wa vifungo, akasema saa sita atarudi kuchukua magauni. Hakuwa amefika kona tukaanza. Mjukuu alisita, akasema Mama amekataza yasiguswe. Nikamwambia kwenye nyumba hii mimi ndiye mwenye kukataza, na nimekataza kukataza. Twiga aliomba ruhusa saluni hadi saa tano. Taa ubavuni. Boksi la fedha nimelishika mwenyewe, sikuambiwa inua, nilijua lini niinue. Magauni matano yakapita. Lile la maziwa lilikuwa la maziwa. Ngozi ya Twiga ikang'aa kama kitu kilichotiwa mafuta na mtu anayempenda. Hata uso wake ule wa tumbo nimeuelewa: ukiununisha, macho yanakwenda kwenye gauni.

Saa tano Twiga akaitwa. Kuna mteja kichwa nusu kimesukwa. Akavua la tano, akakimbia. Mahameli ikabaki kwenye henga.

Na binti yangu akaingia. Saa tano na robo, si saa sita. Akasimama mlangoni na mfuko wa vifungo. Akatazama taa, shuka, vibanio, magauni kwenye henga. Akamwambia mtoto wake, polepole, "Nilisema yasiguswe."

Mjukuu akafungua mdomo. Niliona uongo ukija, ameshaupiga pasi na kuukunja.

Nikasema, "Mtoto hana kosa. Kitambaa cha taa nilikifua mimi, nikakitia buluu, picha zikaharibika, nikanyamaza siku nne. Ni mimi."

Sikuketi. Nilisema nimesimama.

"Wewe, Mama?"

"Mimi."

"Na bitana yangu?"

"Hiyo nayo mimi. Na moshi wa Jumapili. Majirani hawakuunguza kitu."

Nilikuwa nimeandaa majibu ya kelele zake. Majibu mazuri, mengine ya ukali. Hayakuhitajika. Aliweka mfuko chini, akamnyang'anya mtoto kamera, si kwa nguvu, akaanza kutazama, moja, ya pili, ya tatu. Kwenye lile la maziwa akavuta picha ikawa kubwa, akaisogeza mpaka shingoni, pale aliposhona kwa mkono siku mbili na kufumua mara moja. Akakaa hapo. Mimi na mjukuu hatukutazamana.

"Mishono inaonekana," akasema.

Hakusema nani amefanya ionekane. Akauliza Twiga yuko wapi. Ameondoka. Akatazama saa. Kwa mpiga picha wa harusi ni saa nane, kesho ndiyo Alhamisi, na mwenye duka alisema magauni sita, si matano. Akachukua mahameli kwenye henga, akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango.

Nikatoka huku na daftari. Mjukuu yuko ndani, amesimama kando ya taa, hajui azime au aache. Sijui kama mama yake ameingia kulikunja gauni alipeleke mjini au ameingia kulia. Mahameli ile aliishona mwisho, kwa kitambaa kilichobaki cha maisha yake ya kule alikoolewa. Kampuni ya simu ikinipigia saa hii, nitaitupa simu uani.

Mlango umefunguka.

Amelivaa! Limeshonwa kwa kipimo cha Twiga, kwa hiyo linaburura chini na mgongoni zipu imegoma katikati. Nywele hajachana. Hanitazami mimi. Amekwenda mpaka mbele ya shuka, akamgeukia mtoto wake, na kumuuliza asimame wapi. Miaka kumi na tisa, mara ya kwanza namsikia akimuuliza yule mtoto jambo ambalo jibu lake hanalo mwenyewe.

Mtoto naye ameganda, kamera kifuani.

Basi nawaambia kupitia dirishani, na ninaandika huku nasema: zipu iacheni wazi, mgongo haupigwi. Vibanio vichukue pindo, lisiburure. Wewe mama mtu, kwenye alama ya chaki alipokuwa akisimama Twiga, bega moja mbele, na usijaribu kucheka. Wewe mtoto, papasa mahameli kutoka juu kwenda chini, sogeza taa ubavuni, mwambie mama yako kidevu kiende wapi, umwambie kwa sauti, na ubonyeze.